Kubadili Saa: Kwa Nini Mechi ya Saa 12 Huhamia Saa 11

Kwenye banda la mpira mtaani kwetu kuna ubao mweusi, na mwenye banda huandika ratiba kwa chaki. Kuanzia Novemba hadi Machi, mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huandikwa saa 12 jioni. Ikiingia Aprili, mechi za aina ileile zinaandikwa saa 11. Mwaka mmoja nilikwenda kwa mazoea, nimeshaoga, sina haraka, nikakuta watu wametoka nje wananunua karanga na kahawa. Mapumziko. Timu yangu ilikuwa imeshapigwa mawili. Nilipomlalamikia mwenye banda, alinijibu huku anahesabu chenji: "Kaka, wenzetu wamebadili saa."

Kauli hiyo tunaisikia kila mwaka, na kila mwaka kuna anayedhani ni utani. Maana yake ni kwamba nchi nzima inakubaliana kusogeza saa mbele kwa dakika 60 majira ya joto yanapokaribia, halafu inazirudisha nyuma baridi inapokaribia. Angani hakuna kilichosogea. Jua linachomoza pale pale, wakati ule ule. Kilichohamishwa ni namba tunayoiita wakati huo.

Kiswahili kinaleta utata wake hapa, kwa sababu "saa" ni ile ya mkononi, ni dakika 60, na ni wakati wenyewe. Dada yangu anayeishi Uingereza alipompigia mama mara ya kwanza akamwambia, "Mama, huku tumebadili saa," mama akamuuliza, "Ile ya zamani imeharibika?" Redioni utasikia "saa za majira ya joto". Wengine husema "saa za kiangazi", jina ambalo mimi silipendi, maana kiangazi chetu ni ukavu na vumbi, na cha London unaweza kutembea na mwavuli mwezi mzima. Wamarekani wao wana jina la kibiashara zaidi: ukilifasiri, ni saa za kuweka akiba ya mwanga wa mchana, kana kwamba mwanga unapelekwa benki.

Utaratibu ni huu. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. London ikifika saa 7 usiku ya Machi, dakika inayofuata ni saa 8. Lile saa zima la katikati halipo. Ukimwahidi mtu kumpigia saa 7 na nusu usiku ule, umemwahidi wakati usiokuwepo. Oktoba mambo yanageuka: saa 8 inapokaribia, mishale inarudi saa 7, na saa moja linaishi mara mbili. Dada hufanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, na usiku wa Oktoba ndio anaouchukia. Wenzake wamelala wanafurahia saa la ziada kitandani; yeye analitumikia amesimama, akiandika kwenye daftari kwamba mzee fulani alipewa dawa saa 7 na robo, kisha anasita: saa 7 na robo ya kwanza, au ya pili?

Kwa nini watu wazima na akili zao wafanye hivi? Jibu liko kwenye umbali kutoka Ikweta. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote wa mwaka unauzidi mfupi kuliko yote kwa muda usiofika saa nzima. Nairobi tofauti ni ya dakika chache tu. London, mchana wa Juni unafika karibu saa 16 na nusu, na wa Desemba hautimizi saa 8. Kama wasingesogeza saa, Juni jua lingekuwa linachomoza London saa 10 kasorobo alfajiri, watu wako kwenye usingizi mzito na mapazia yameshushwa. Kwa kusogeza, saa moja ya mwanga ule inaondolewa alfajiri, ambako haina mtu, na kupelekwa jioni baada ya kazi. Ndiyo maana Juni dada hupiga simu ya video akiwa bustanini na jua linamwaka usoni, na saa ya huko, kwa hesabu yetu, ni saa 3 na robo usiku. Usiku gani huo? Lugha yenyewe inakataa.

Sisi saa yetu ilizaliwa kutokana na jua. Saa 1 asubuhi ni saa la kwanza la mwanga likishatimia, saa 1 usiku ni la kwanza la giza, na kwa kuwa mchana na usiku wetu vinakaribia kulingana mwaka mzima, hesabu hiyo haichakai. Afrika Mashariki ikisogeza saa mbele, itapata jambo moja tu: watoto wa shule watatoka nyumbani gizani mwezi Julai. Barani, nchi zinazohangaika na jambo hili ni zilizo mbali na Ikweta. Namibia ilikuwa ikibadili saa tangu 1994, ikaacha 2017. Misri iliacha, kisha ikarudia 2023.

Wazo lina wazee wawili. George Hudson wa New Zealand alikuwa mtu wa kukusanya wadudu, na mwaka 1895 akapendekeza saa zisogezwe kwa saa mbili ili apate mwanga wa kutosha kuwatafuta baada ya kazi. Mwingine ni William Willett, mjenzi wa nyumba wa Uingereza, aliyekuwa akipanda farasi asubuhi na kuudhika kuona madirisha ya watu bado yamefunikwa wakati jua liko juu. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu akitaka saa zisogezwe dakika 20 kila Jumapili, Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80. Hebu fikiria ubao wa mwenye banda wetu chini ya mpango huo. Willett alifariki 1915 bila kuona chochote. Mwaka uliofuata Ujerumani, ikiwa vitani na ikibana matumizi ya makaa ya mawe, ilisogeza saa tarehe 30 Aprili 1916, na Uingereza ikaiga Mei hiyo hiyo. Marekani ilifuata 1918.

Utasikia watu wakisema jambo hili lilianzishwa kwa ajili ya wakulima. Si kweli, na wakulima wa Marekani walikuwa miongoni mwa walioipinga sheria hiyo hadi ikafutwa mwaka 1919. Ng'ombe hajui kwamba Bunge limekaa; anataka kukamuliwa titi likijaa. Nyasi nazo hazivunwi mpaka umande ukauke, na umande unaliangalia jua. Mkulima aliyeambiwa maziwa yawahi gari la saa fulani, na saa hiyo imesogezwa, ndiye aliyelazimika kuamka gizani.

Je, umeme unaokolewa? Zamani, taa ndiyo iliyokuwa ikila mafuta na makaa, hesabu ilikuwa na mashiko. Siku hizi kuna viyoyozi. Jimbo la Indiana sehemu kubwa yake lilikuwa halibadili saa mpaka 2006, na wachumi Matthew Kotchen na Laura Grant walipolinganisha bili za nyumba za kabla na baada, walikuta matumizi ya umeme yameongezeka kwa takribani asilimia 1. Taa ziliokoa kidogo, lakini jioni watu walirudi nyumbani jua likiwa bado kali, wakawasha vipoza hewa. Usingizi nao unadai deni lake: chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2020 kwamba mabadiliko haya yafutwe na nchi ibaki kwenye saa za kawaida, yaani zile za majira ya baridi.

Lakini kwa sisi tulio mbali, kero yenyewe haiko kwenye usingizi wa mtu. Ipo kwenye hesabu. Dar, Nairobi na Kampala hazigusi saa. London ikiwa kwenye baridi tunaitangulia kwa saa 3. Ikisogeza, saa 2. New York ni saa 8, kisha 7. Minneapolis, jiji la Marekani wanakoishi Wasomali wengi, ni saa 9, kisha 8. Hilo lingekaririka kama wote wangebadili siku moja. Hawabadili. Marekani, tangu 2007, husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu za Machi, na moja ya mwisho wa Oktoba, ambazo Marekani na Ulaya haziko kwenye mpangilio wao wa kawaida. Familia yenye mtoto London, mwingine New Jersey na wazazi Tanga, ikipanga kuzungumza pamoja kila Jumapili, Machi lazima mmoja aingie hewani na kukuta picha yake peke yake. Na Marekani kwenyewe hawakubaliani: Arizona haibadili, ila ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, iliyo ndani yake inabadili, na ardhi ya wenyeji wengine, Wahopi, iliyozungukwa na ya Wanavajo haibadili.

Waumini wa Kiislamu walioko huko wana kioja chao. Ratiba ya swala inalifuata jua, kwa hiyo mwisho wa Machi adhuhuri ya London inaruka kutoka muda mfupi baada ya saa 6 mchana hadi baada ya saa 7, kwa usiku mmoja. Morocco, ambayo tangu 2018 imebaki saa moja mbele karibu mwaka mzima, huzirudisha nyuma mwezi wa Ramadhani ili futari iwahi. Lebanon mwaka 2023 serikali ilitaka kuchelewesha kusogeza saa mpaka Ramadhani ipite; Kanisa la Maronite likakataa, vituo kadhaa vya habari vikakataa, na kwa siku chache nchi moja ikaishi saa mbili, mpaka serikali iliporudi nyuma.

Basi si waache tu? Wamejaribu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliuliza maoni, watu milioni 4.6 wakajibu, asilimia 84 wakasema ifutwe. Bunge la Ulaya likapiga kura Machi 2019 ifutwe kufikia 2021. Bado wanabadili. Kinachowashinda ni swali la ibaki ipi: ya joto au ya baridi? Marekani ilihamia saa za joto za mwaka mzima Januari 1974, wakati wa shida ya mafuta, wazazi wakaona watoto wakingojea basi la shule kwenye giza totoro, na kabla mwaka haujaisha sheria ikarekebishwa. Urusi ilichagua za joto 2011, ikajuta, ikahamia za baridi 2014.

Mwenye banda letu angewasaidia kuchagua. Yeye anataka za baridi. Mechi ikianza saa 12, Januari na Februari adhana ya magharibi huangukia karibu kabisa na mapumziko. Watu wanakwenda kuswali, wanarudi, wananunua kahawa njiani. Kuanzia Aprili adhana inaingia katikati ya kipindi cha pili, anapunguza sauti, nusu ya mabenchi inabaki tupu, na kahawa inapoa kwenye birika.