Watoto wa kasa si wa kuwekwa kwenye ndoo wakamsubiri mgeni rasmi

Imekuja tena barua ya kampuni inayotaka "kuunga mkono uhifadhi wa kasa": fulana, bango, mgeni rasmi, na watoto wa kasa wa kuachia baharini saa nne asubuhi. Kwa yeyote mwenye fungu la kusaidia jamii, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, nasema wazi: kasa hawaongezeki kwa kuachiwa mbele ya kamera. Kwenye kiota salama watoto hutoka wenyewe na kwenda majini wenyewe. Pesa inahitajika kabla ya siku hiyo, na baada yake.

Hiyo ndoo ina madhara yake. Watoto huanguliwa nusu mita au zaidi chini ya mchanga, hupanda pamoja kwa siku kadhaa, husubiri mchanga wa juu upoe, kisha hutoka kwa mkupuo, mara nyingi usiku. Akiba yao ni kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kwa akiba hiyo huogelea takriban siku nzima bila kupumzika, wavuke maji ya kina kifupi ambako samaki wanawawinda. Ukiwafungia toka usiku hadi saa nne, wanapapatika kwenye plastiki mpaka wachoke, halafu unawatoa juani, kunguru akiwaona na samaki akiwaona. Tunaambiwa, "Lakini wote waliingia majini." Waliingia, ndiyo. Nani aliwahesabu waliovuka mwamba?

Wengine wakikatazwa ndoo huomba kujenga kituo cha kutotolea mayai, chenye ukuta na jina la mfadhili. Kiota kinahamishwa pale tu ambapo kimetagwa chini ya alama ya maji ya bamvua, yaani pale maji makuu yanapofika, au pale ambapo kikiachwa kitachimbwa bila shaka. Hata hapo, kazi ifanyike ndani ya saa chache tangu kutagwa. Baada ya hapo kiinitete hujishikiza kwenye utando upande wa juu wa yai. Ukiligeuza, kinakufa, na yai kwa nje linaonekana zima. Mayai mia na zaidi yanatolewa moja moja, upande wa juu ukibaki juu, na shimo jipya lilingane na la mama: mdomo mwembamba, chini pana, kina kile kile. Halafu kuna joto. Mchanga ukiwa karibu nyuzi 29 za Selsiasi, madume na majike hukaribiana kwa idadi. Ukizidi hapo wanatoka majike zaidi, ukipungua madume zaidi. Kwa hiyo aliyechagua pa kuweka kituo, na kivuli cha kukiwekea, amechagua pia jinsia ya kizazi kizima. Hata kiota kilichohamishwa kwa uangalifu wote hakinipi amani kwa sababu hiyo.

Kinacholinda viota ni mtu anayepita ufukweni kila alfajiri ya msimu, kabla upepo haujafuta nyayo. Anahitaji posho isiyochelewa, kanda ya kupimia, daftari, tochi ya mwanga mwekundu, na mafuta ya boti akiwa visiwani. Anasoma njia: kasa wa kijani hujivuta kwa makasia yote mawili kwa pamoja, ng'amba, kasa mwenye mdomo kama wa mwewe, hupokezanisha. Anahakikisha kama kweli kasa ametaga, maana wengi hupanda wakageuka bila kutaga. Kuanzia siku ya 45 tangu kutagwa anakikagua kiota kila siku. Mchanga ukibonyea, watoto wako karibu kutoka. Wakishatoka anasubiri siku tatu hivi, anafukua, anahesabu maganda, mayai yaliyooza na waliokwama. Daftari hilo ndilo ripoti ya kumdai mfadhili asome. Picha za hafla hazina hesabu yoyote ndani yake.

Upo pia utaratibu wa kumlipa aliyetoa taarifa ya kiota: sehemu kikikutwa salama, sehemu kulingana na mayai yaliyoanguliwa. Unafanya kazi, lakini unanipa wasiwasi. Malipo yakikatika, mtu aliyezoea kulipwa kwa mayai anarudi kuyatazama kama mboga. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na bajeti ya kampuni ni ya mwaka mmoja. Kampuni isiyoweza kuahidi miaka mitano iuache utaratibu huu, inunue vifaa.

Kwa kampuni za gesi hili lina mlango wake: Sheria ya Petroli ya Tanzania ya 2015 inataka mpango wa uwajibikaji kwa jamii ukubaliwe na halmashauri. Vijiji viombe posho za walinzi humo. Na mwenye taa zinazomulika ufukweni aanze na taa zake: azishushe, azikinge upande wa bahari, azime msimu wa kuanguliwa. Watoto hufuata mwanga na kupotelea nchi kavu.

Lakini viota vyote vikilindwa, bado kuna jarife, wavu mkubwa wa matundu mapana. Linatandwa usiku kucha, kasa ananasa, anakosa hewa. Jike mmoja mkubwa akifa, miongo ya kusubiri imepotea. Aliyezimia asitupwe baharini, atazama. Alazwe kifudifudi kivulini, nyuma ainuliwe sentimita 15 au zaidi, afunikwe kitambaa chenye maji bila kuziba pua, asubiriwe hata saa 24. Mvuvi analijua hilo kwa somo la nusu siku. Kinachomzuia ni kwamba kumwokoa kasa mara nyingi ni kukata wavu, na wavu ni mali yake. Fungu dogo la nyuzi na vipande vya jarife, likikaa kwa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) dikoni, pale boti zinaposhushia samaki, badala ya ofisini mjini, linamaliza hilo siku hiyo hiyo. Wahasibu wa wafadhili huuliza uthibitisho kwamba kasa aliachiwa akiwa hai. Upo mmoja tu, neno la mvuvi, na kwangu linatosha kutoa kipande cha wavu.