Barua ya mtaa kwanza: fedha za jiji na watu wasio na makazi Mbeya

Mtu anayelala kwenye baraza ya duka pale Mwanjelwa, au nyuma ya vibanda vya Kabwe, hajakosa nyumba peke yake. Amekosa pia mtaa. Na asiye na mtaa hana mlango wa kubishia hodi, kwa sababu karibu kila msaada wa halmashauri huanza na karatasi moja: barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Fuatilia utaona. Ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini imekuwa ikitolewa kwa kaya, na kaya hizo hutajwa na kuthibitishwa na wakazi wenyewe mkutanoni. Anayelala stendi hana kaya wala jirani wa kumtaja. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa na kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi nacho kinadai wanachama wanaojulikana wanakoishi. Kitambulisho cha NIDA, barua ya mtaa tena. Hata Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilibandika namba kwenye nyumba. Baraza ya duka haikupata yake.

Kwa hiyo gharama ya kwanza ya kumtoa mtu barabarani ni ndogo kuliko tunavyodhani. Afisa ustawi wa jamii wa kata anamfungulia jalada, anaandika jina, umri, alikotoka na mahali anapolala, kisha anamwandikia mtendaji wa mtaa huo ili mtu yule atambuliwe kuwa ni wa hapo. Jalada, kalamu na nauli ya bajaji. Bila hatua hiyo, fedha nyingine zote zitampita juu kwa juu.

Fedha zenyewe ziko wapi? Ukipekua kitabu cha bajeti ukitafuta kasma, yaani fungu la fedha, yenye jina la watu wasio na makazi, usishangae ukitoka patupu. Shughuli zinazowahusu huwa zimetawanyika: kutambua watoto, wazee na wagonjwa wasio na ndugu kuko Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, mikopo ya vikundi iko Maendeleo ya Jamii, urasimishaji wa makazi na viwanja uko kwa watu wa ardhi na mipango miji. Kilichotawanyika hivyo ni rahisi kukatwa, maana kila divisheni inaona kipande chake ni kidogo na inaamini mwenzake ndiye mwenye mzigo. Mapato ya ndani yanayoweza kubeba shughuli hizi ni yale yale ya siku zote: ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa masoko na wa stendi. Stendi inaliingizia jiji fedha mchana, usiku inalaza watu wasiofikiwa na hata shilingi moja ya fedha hizo.

Sheria nayo haimwangalii kila mtu kwa jicho moja. Kwa mtoto iko wazi: Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtaja mtoto anayezurura bila makazi kuwa ni mtoto anayehitaji uangalizi na ulinzi, na kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wake. Mzee ana Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa kwanza mwaka 2003. Mwenye ulemavu ana Sheria Na. 9 ya mwaka 2010. Kijana wa miaka 30 mwenye nguvu zake, anayebeba viroba vya viazi mchana na kulala juu ya maboksi usiku, hana chake. Anachokutana nacho kwa urahisi zaidi ni Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177 vinavyohusu uzururaji. Anakamatwa, anaachiwa, anarudi pale pale. Mafuta ya gari na posho za askari mgambo zimeshalipwa, naye hajasogea hata hatua moja kuelekea kwenye chumba.

Tukokotoe basi chumba, kwa bei ya mfano tu. Chumba kimoja cha shilingi 30,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita: 180,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 30,000. Godoro na mablanketi mawili, tuseme 120,000. Sufuria, ndoo na jiko, 40,000. Afisa kumtembelea mara 12 kwa nauli ya 4,000 kwenda na kurudi, 48,000. Jumla ni 418,000 kwa nusu mwaka. Tazama fungu zito liko wapi: 210,000, yaani nusu nzima, inatakiwa taslimu kabla mtu hajaingia ndani. Kibarua anaweza kupata 30,000 ndani ya mwezi. Hawezi kuikusanya mara saba huku akiilaza mfukoni barabarani, ambako itaibwa.

Hapo ndipo fedha ya jiji ina nguvu kuliko popote. Si lazima halmashauri ijenge bweni, ambalo litataka mlinzi, mpishi na umeme kila mwezi. Inatosha kubeba ule mzigo wa mwanzo na kumpa mwenye nyumba barua ya dhamana akubali kodi ya miezi mitatu mitatu. Mkataba uandikwe kwa jina la mpangaji, mtendaji wa mtaa awe shahidi, fedha ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba na risiti iingie kwenye jalada. Ufini ilianza kufuata mpangilio huu kama mpango wa taifa mwaka 2008: mtu anapewa kwanza chumba chenye mkataba, ndipo matibabu na kazi vinafuata, na mabweni mengi ya zamani yakageuzwa vyumba vya kupanga. Ufini ni nchi tajiri, sawa. Lakini huo mpangilio wa nini kitangulie hauhitaji utajiri.

Kinachoharibu mara nyingi ni mwezi wa saba tangu mtu ahamie chumbani. Kodi imeisha, ziara zimeisha, kipato hakijakaa sawa. Ndiyo maana ziara zile 12 zisikatwe bajeti inapobanwa, ingawa ndizo hukatwa mwanzo kwa kuwa zinafanana na posho. Ziwe za karibu mwanzoni, kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha zipunguzwe.

Kwa watoto kosa la kawaida ni nauli. Mbeya ni njia panda. Mtoto anaweza kuwa ametoka Rungwe, Mbozi, Chunya au Makete, na jambo jepesi ni kumkatia tiketi ya basi. Lakini kilichomtoa nyumbani, kipigo, njaa au baba wa kambo, bado kinamsubiri. Tathmini ya familia itangulie safari, na afisa ustawi wa wilaya anakokwenda ajulishwe kwa maandishi kabla basi halijaondoka. Nyumbani pakiwa si salama, akae kwanza kwa familia ya kuaminika iliyokaguliwa. Raia anayemwona mtoto wa namna hiyo apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Halafu kuna kalenda, na hapa hali ya hewa ya nyanda za juu inatuumbua. Baridi inauma Juni na Julai. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni na kuanza 1 Julai, na malipo ya wiki za kwanza huenda kwa kusuasua. Ombi la blanketi la mwezi Juni limeshachelewa. Ununuzi upitishwe kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, mwezi Machi, mzigo uwe stoo mwezi Mei. Na anayetaka kasma iingie kwenye bajeti ijayo aseme kwenye mkutano wa mtaa kabla mwaka wa kalenda haujaisha, ili hoja iwahi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani linapopitisha makisio mwanzoni mwa mwaka.

Anayegawa mablanketi agawe na cha kutandika chini: maboksi mawili matatu yaliyobanwa, au kipande cha godoro la sponji ndani ya kiroba. Saruji hunyonya joto la mwili kutoka chini, na blanketi la juu peke yake halitoshi. Anayehamia chumbani aonywe mapema kuhusu jiko la mkaa. Asilale nalo ndani mlango ukiwa umefungwa, hata likionekana limebaki majivu tu, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu. Jiko likae nje usiku, na tundu la juu ya dirisha lisizibwe kwa matambara.