Kutafsiri maneno ya serikali na katiba kwenda Kigiriki: dhana potofu na ukweli wake

Likija suala la kutafsiri mambo ya katiba na serikali kutoka Kiingereza kwenda Kigiriki, lazima utamkuta mtu anakwambia aah hiyo si ndo rahisi kuliko zote, maneno yenyewe si yalitoka huko huko Ugiriki, yanarudi tu kwao. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda, mpaka siku nilipoweka katiba ya Ugiriki upande huu na ya Marekani upande ule nikaanza kufuata mstari kwa mstari. Maneno hayarudi kwao kirahisi hivyo, mengine hayakuwahi kutoka kwao, na mengine yalibaki kwao yakabadilika kabisa.

Dhana: maneno yote ya siasa ya Kiingereza asili yake ni Kigiriki

Demokrasia sawa, ni ya kwao, na siasa kwa maana ya "politics" ni ya kwao. Ila "constitution", "republic", "president", "senate" na "minister" ni Kilatini, na "parliament" limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kuongea. Wagiriki hawakuyabeba hayo, wana ya kwao. Rais ni proedros, yaani yule anayekaa mbele, waziri ni ypourgos, na seneti ni gerousia, baraza la wazee, neno la tangu Sparta, mmoja wa miji ya kale ya Ugiriki, ambalo leo ndo wanaliitia hata Seneti ya Marekani. Shirikisho wanaliita omospondia, na ndani yake kuna spondi, ile divai iliyokuwa inamwagwa kwa ajili ya miungu watu wakiweka mkataba wa amani. Mimi hilo neno nalipenda sana.

"Government" ndo lina safari ndefu. Wagiriki walikuwa na kitenzi cha kushika usukani wa chombo baharini, Warumi wakakichukua wakakisema kwa matamshi yao, kikapita Ufaransa kikafika Uingereza. Kule kwao limebaki kyvernisi, na kyvernitis mpaka leo ni kamanda wa meli ya kivita au kapteni wa ndege. Ioannis Kapodistrias aliyeiongoza Ugiriki kuanzia 1828 mpaka alipouawa pale Nafplio mwaka 1831, cheo chake kilikuwa hicho hicho, Kyvernitis.

Dhana: basi "government" ni kyvernisi, imeisha hiyo

Haijaisha. Mmarekani akisema "government" anaweza kuwa anamaanisha kila kitu, bunge, rais na mahakama kwa pamoja, ndo maana wanasema "three branches of government". Ukiipeleka hiyo neno kwa neno kwa Kigiriki umeharibu, kwa sababu kyvernisi kwa katiba yao, ibara ya 81, ni baraza la mawaziri, waziri mkuu na mawaziri wake basi. Bunge haliwezi kuwa tawi la kyvernisi, ni sawa na kusema bunge ni idara ya wizara. Mgiriki anasema exousies, yaani mamlaka au nguvu, ziko tatu, ya kutunga sheria, ya kutekeleza na ya kuhukumu. Sisi tunaosema mihimili ya dola tunaielewa hii haraka maana na sisi tunajua dola na serikali ni vitu viwili. Na kwenye "separation of powers" wao hawasemi kutenganisha, wanasema diakrisi, kupambanua, kujua hiki ni hiki na kile ni kile.

Dhana: neno likiwa la kale basi maana yake ni ile ile ya kale

Hapa wasomi wa historia ndo wanateleza. Athens ya kale ilikuwa na ekklisia, mkutano wa raia wote wanaume waliokuwa na haki ya kupiga kura, na ilikuwa na vouli, baraza la watu 500 waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu, kazi yao kuandaa ajenda za ule mkutano. Leo ekklisia ni kanisa. Ukimwambia mtu wa Athens kwamba ekklisia imepitisha sheria atashtuka. Na vouli leo ndo Bunge lenyewe, wabunge 300 wa kuchaguliwa. Halafu wana koinovoulio ambalo nalo ni bunge, Bunge la Ulaya kwa mfano wanaliita hivyo, kwa hiyo ukikuta "parliament" kwenye maandishi ya Kiingereza lazima kwanza ujue ni bunge la wapi.

Dhana: katiba ni syntagma, kila mahali

Kwa katiba za leo ndiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1843 wanajeshi na wananchi walijaa mbele ya ikulu ya Mfalme Otto pale Athens wakidai katiba, wakaipata 1844, na uwanja ule mpaka leo unaitwa Syntagma, na ikulu yenyewe ndo jengo la Bunge sasa. Syntagma ni kitu kilichopangwa pamoja kikakaa kwa utaratibu, ndo maana hata rejimenti ya jeshi inaitwa syntagma, na ndugu yake syntaxi ni mpangilio wa maneno kwenye sentensi lakini pia ni pensheni ya mstaafu.

Sasa Mwingereza anaposema "the Athenian constitution" anazungumzia kitu kingine. Kuna maandishi ya shule ya Aristotle, yule mwanafalsafa wa kale, yaliyopatikana kwenye mafunjo ya Misri, zile karatasi za kale za matete, yakachapishwa London mwaka 1891, kwa Kigiriki yanaitwa Athinaion Politeia. Athens haikuwa na kitabu kimoja cha katiba, ilikuwa na politeia, namna mji ulivyoishi na ulivyojiendesha. Ukiandika syntagma hapo umewapa watu wa kale karatasi ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Na neno hilo hilo politeia ndo jina la kazi ya Plato ambayo Waingereza wanaiita "Republic", afu ukija leo Marekani ni Inomenes Politeies, politeia ni jimbo. Neno moja hilo.

Madogo madogo. Wengine wanadhani Kigiriki kina maneno mengi kuliko lugha zote kwenye mambo haya, lakini politiki ni siasa na ni sera, neno moja, wakati Kiswahili tunayo mawili. Wengine wanadhani "governor" ni kyvernitis siku zote, wakati gavana wa Benki Kuu ya Ugiriki ni dioikitis na mkuu wa mkoa ni periferiarchis. Na kuna wanaochukua kamusi ya zamani wakadhani iko sawa tu, wasijue kuwa katiba ya 1975 iliandikwa kwa katharevousa, kile Kigiriki cha kisomi, na ni 1986 ndo ikawekwa kwenye lugha ya kawaida ya watu. Ukikuta Inomenai Politeiai badala ya Inomenes Politeies jua kamusi yako ni ya enzi zile.

Dhana: dimokratia ni demokrasia

Hii ndo kubwa kuliko zote. Dimokratia ni demokrasia NA ni jamhuri. Kigiriki hakitofautishi. Jina rasmi la nchi ni Elliniki Dimokratia, kwa Kiswahili Jamhuri ya Ugiriki, na Jamhuri ya Kenya ni Dimokratia tis Kenyas. Tarehe 8 Desemba 1974 Wagiriki walipiga kura kuhusu ufalme, karibu asilimia 69 wakaukataa, na kile walichochagua kiliitwa dimokratia. Sasa mtu atasema basi dimokratia ina maana hakuna mfalme. Hapana, maana kabla ya hapo wakiwa na mfalme waliita mfumo wao vasilevomeni dimokratia, demokrasia yenye mfalme, ukitafsiri hapo "jamhuri yenye mfalme" umeandika kitu kisichoeleweka. Ibara ya 1 ya katiba ya leo inasema proedrevomeni koinovouleftiki dimokratia, yenye rais na yenye bunge, na ukiisoma na ile historia unaelewa kwa nini waliweka neno la rais mbele, ni la kujibu lile la mfalme.

Na tatizo linafika mpaka kwetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ukiipeleka neno kwa neno inakuwa dimokratia ya kidimokratia, haisemeki. Kwa hiyo Wagiriki wanaandika Laiki Dimokratia tou Kongko, laiki ni ya watu, ya umma, kama wanavyoiita China. Mtu asiyejua akiirudisha kwa Kiswahili anapata Jamhuri ya Watu wa Kongo, na hilo lilikuwa jina la nchi jirani, ile ya Brazzaville, kuanzia mwisho wa miaka ya 60 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90. Kwa hiyo ukikutana nalo kwenye maandishi ya Kigiriki usikimbilie kuandika, tafuta kwanza mji mkuu unaotajwa kama ni Kinshasa au Brazzaville.