Sablaji: kurusha mchanga kwenye chuma kabla ya kukipaka rangi upya

Geti la lupango, yaani kiwanja cha nyumba, likipakwa rangi juu ya kutu hupendeza mpaka mvua za Novemba. Kisha rangi inatoa malengelenge, yanapasuka, na kutu inachungulia palepale ilipokuwa. Rangi yenyewe haina kosa. Ilishika kutu vizuri, ila kutu haikushika chuma.

Sablaji inaondoa tatizo hilo kwenye mzizi. Kompresa inabana hewa, hewa inarusha chembe ngumu kupitia nozeli nyembamba, na chembe zinagonga chuma kwa kasi hadi kutu na rangi ya zamani vinabanduka na chuma kinabaki kitupu, cha kijivu. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alipata hataza ya mbinu hii mwaka 1870.

Wengi huiona kama namna ya kusafisha tu, na hapo wanakosa nusu ya maana yake. Kila chembe inayogonga inaacha kishimo. Chuma kinachosubiri rangi nzito hutakiwa kuwa na vishimo vya kina cha mikroni 40 hadi 75 hivi, yaani karibu na unene wa unywele. Macho yanaona uso usiong'aa, lakini antirui, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, inaingia humo na kung'ang'ania. Brashi ya waya haifiki huko. Mara nyingine inasugua kutu mpaka ing'ae, nawe ukadhani umeshafika kwenye chuma.

Nguvu ya pigo inafuata mraba wa kasi: chembe ikienda mara mbili zaidi, inagonga mara nne zaidi. Kwa hiyo kinachofanya kazi hasa ni hewa, na ndipo mtu wa nyumbani anapokwama. Nozeli ya milimita 3 kwenye bari 6 inakula lita zaidi ya 500 za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ya nguvu za farasi 2, kama ile ya kujazia matairi, haikaribii hapo hata kidogo: unapiga kwa sekunde chache, shinikizo linaanguka, unasubiri. Ukichukua nozeli ya milimita 5, hewa inayotakiwa inakaribia mara tatu ya ile ya kwanza. Sisi wa Lubumbashi tuna hasara ya ziada, maana mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko pwani na kompresa ileile inatoa pungufu. Hewa iliyobanwa pia hutoa maji. Bila kichujio cha kuyatenga, mchanga unalowa, unaganda, na nozeli inaziba.

Sasa mchanga wenyewe. Ule wa mto au wa kujengea hauna gharama, nao ndio usiofaa. Umejaa kwazi, yaani silika, na ikigonga chuma inapasuka kuwa vumbi laini ambalo jicho halilioni na ambalo linashuka hadi mwisho wa mapafu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba, na anayeupata huwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Katika mji wa migodi habari hizi si ngeni. Uingereza ilikataza mchanga kwenye kazi ya namna hii kwa kanuni za mwaka 1949, na mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka silika inayovutwa kwa pumzi katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakizuii kitu. Wanaoifanya kila siku huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Kuna atakayeuliza: na ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha madini wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali? Ni kweli kwamba skoria ya shaba, yaani mabaki hayo ya kuyeyusha, hutumika kwa sablaji sehemu nyingi duniani, kwa sababu ni ngumu na silika yake huru ni kidogo. Lakini inayouzwa kwa kazi hiyo imechekechwa na kupimwa. Mlima wetu una kobalti na zinki, ndiyo maana kuna watu walioona faida ya kuuchakata upya. Kuusaga na kuupuliza ndani ya lupango wanamocheza watoto ni wazo baya. Vivyo hivyo rangi za zamani, ambazo huweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake halina kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kinachowezekana nyumbani ni vipande vidogo vinene, mfano breketi, bawaba na vyuma vya pikipiki, ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye kioo, glavu zilizoshonewa ukutani na kifyonza vumbi, kwa kutumia chembe za oksidi ya alumini au ganeti. Usitengeneze tangi la shinikizo kutokana na chupa kuukuu ya gesi, hata kama video inaonyesha ni rahisi. Likipasuka linaua.

Bati jembamba la gari ni habari nyingine. Mapigo yanaunyosha uso wa upande mmoja na bati linajikunja, na halirudi. Hapo hutumika shinikizo dogo na chembe laini kama bikaboneti ya sodiamu, ileile iliyotumika kusafisha ndani ya Sanamu ya Uhuru ya New York miaka ya 1980. Shaba yake haizidi milimita 2.5, na lami iliyoigandia ilitoka bila kuichubua.

Geti zima au chesisi lipeleke kwa karakana yenye vifaa, na uulize kwanza wanarusha nini. Kabla ya hapo osha mafuta yote kwa sabuni, kwani sablaji haiyatoi, inayasukuma ndani ya vishimo. Baada ya kupiga, usiguse chuma kwa mkono mtupu, puliza vumbi, na paka antirui siku hiyohiyo, saa chache tu baadaye. Wakati wa mvua, chuma kitupu kinaweza kugeuka rangi ya machungwa kabla hujamaliza kukoroga rangi. Kuanzia Mei hadi Septemba una nafasi zaidi.