Urusi haijapiga marufuku "okei"

Mrusi akisema "okei" sokoni hatozwi faini. Swali la kama Urusi imepiga marufuku maneno ya Kiingereza limeulizwa mara nyingi mno, na ubaya wake ni kwamba linaficha jambo lenyewe. Sheria Na. 53 ya 2005, iliyorekebishwa Februari 2023, inahusu Kirusi kinapotumika kama lugha ya serikali: nyaraka rasmi, elimu, matangazo ya biashara, maelezo kwa wanunuzi. Mazungumzo ya watu hayamo.

Hata humo, hakuna anayeuliza neno limetoka wapi. Neno la kigeni linapita ikiwa Kirusi hakina kisawe chake kilichozoeleka, na ikiwa limo katika kamusi sanifu. Serikali iliidhinisha kamusi nne mwaka 2025.

Kinachochanganywa kila siku ni neno na herufi. Sheria ya mabango ya maduka, inayotumika tangu 1 Machi 2026, inadai maelezo kwa mnunuzi yawe ya Kirusi. Bango lenye COFFEE peke yake lina kasoro. Likiandikwa КОФЕ limekubalika, ingawa hilo nalo ni neno la mkopo, tena la zamani. Lakini msidhani kubadilisha herufi kunatosha: neno la Kiingereza lililovishwa herufi za Kirusi bado litatafutwa kwenye kamusi.

Kiingereza kinaweza kubaki kando ya Kirusi, mradi maana, rangi, aina na ukubwa wa herufi vilingane. Hapa ndipo wengi hukosea: SALE nyekundu inajaza kioo kizima, РАСПРОДАЖА, yaani SALE kwa Kirusi, imebanwa pembeni kwa maandishi ya sisimizi. Herufi 4 dhidi ya 10! Ama upanue bango, ama upunguze SALE. Nembo ya biashara iliyosajiliwa haiguswi, lakini maneno yasiyomo kwenye cheti cha usajili hayana kinga hiyo. Kwenye matangazo ya biashara, kampuni ikivunja sheria hutozwa faini ya ruble 100,000 hadi 500,000.

Sehemu nisiyoiamini ni hiyo ya "kisawe kilichozoeleka". Chukua menedzher, lililotoka kwa "manager" ya Kiingereza, na upravlyayushchiy, neno la Kirusi la msimamizi. Wa kwanza huenda ni muuzaji tu wa simu. Wa pili lazima awe na kitu anachokisimamia. Ukibadilisha neno, umempandisha mtu cheo. Sioni kamusi itakavyoamua hilo kwa haki.

Kampeni ya Kisovieti dhidi ya maneno ya kigeni, mwishoni mwa miaka ya 1940, iliyaondoa golkiper (kipa) na korner (kona) kwenye habari za mpira. Vratar, neno la Kirusi lenye maana ya mlinda lango, lilishika nafasi ya golkiper kwa sababu lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Gol lenyewe halikung'oka. Na elektronno-vychislitelnaya mashina, yaani mashine ya kielektroniki ya kukokotoa, hata ilipofupishwa kuwa EVM na kutumiwa na taasisi za Kisovieti, ilishindwa na kompyuter.