Kupimwa uwezo: maana yake kwenye bima ya SHA

Kupimwa uwezo ni kukadiriwa kipato kwa mtu asiye na hati ya mshahara, ili ijulikane atachanga kiasi gani kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya. Mwalimu wa Mokowe, Lamu, haulizwi lolote kuhusu kipato: hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, basi. Mvuvi wa Shela au muuza mahamri wa Malindi hana karatasi ya kuonyesha, kwa hivyo tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, kipato chake hukisiwa kwa vitu vya nyumbani mwake.

Maswali huja mtu anapojisajili, kwa *147# au kwa mkono wa mhamasishaji wa afya ya jamii. Ukuta ni wa nini? Paa je? Maji mwateka wapi, mwapikia nini, choo ni cha aina gani, mko wangapi? Kompyuta hukokotoa kipato cha kaya, na asilimia 2.75 yake ndiyo mchango. Kaya iliyokadiriwa shilingi 15,000 kwa mwezi hulipa 4,950 kwa mwaka; ya 30,000 hulipa 9,900. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, ila wasiojiweza kabisa, ambao sheria inataka serikali iwalipie.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja: NHIF ilimtoza asiyeajiriwa 500 kwa mwezi, awe na duka la jumla au meza ya mchicha. Hilo halikuwa haki. Lakini kipimo kinachosoma kuta kinaweza kupotoka vibaya huku kwetu pwani. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, yenye boriti za mikoko na mlango wa nakshi, huenda aliijenga babu wa babu, na mrithi wake leo hana chumo. Ukuta hauliwi. Na makuti, ambayo kwingine huhesabiwa dalili ya unyonge, Shela na Malindi yameezekwa juu ya majumba ya kifahari.

Shida ya pili ni msimu. Mchango wa asiyeajiriwa hutakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kaskazi mvuvi hupata. Kusi ikivuma, mashua ndogo hulala ufukweni siku kadhaa, na 9,900 za pamoja hazitoki. Mwaka 2025 uliletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomkopesha mtu mchango huo aurejeshe kidogo kidogo. Unasaidia, lakini ni deni.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudhani kusajiliwa ndiko kulipa. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, humhudumia aliyesajiliwa bila malipo. Kuanzia hospitali ya ngazi ya 4, nambari ya usajili pekee haitoshi; lazima mchango uwe umelipwa. Mama aliyeishia kwenye usajili hugundua hayo akiwa tayari anahitaji upasuaji wa kujifungua, na bili ni yake.

Ukijaziwa fomu, soma kila jibu kabla halijatumwa, hasa idadi ya watu na aina ya nyumba. Kadirio likikuzidi, nakili kiasi ulichotajiwa pamoja na majibu uliyotoa, kisha uyapeleke ofisi ya SHA uombe yakaguliwe upya.