Utabiri wa hewa ukikosea, si lazima kompyuta iwe dhaifu

Wengi hudhani utabiri wa hali ya hewa ukienda kombo, dawa ni kompyuta kubwa zaidi. Husaidia, ila kuna kosa linaloanzia kwenye vipimo, na nguvu ya mashine hailifuti. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alirudia hesabu yake ya hewa akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti ndogo hivyo, nani angeijali? Mwanzoni matokeo yalifuatana. Baadaye yakaachana kabisa. Na vipimajoto vyetu havifikii usahihi huo, achilia mbali baharini kwenye vituo vichache. Ndiyo maana kituo cha utabiri cha Ulaya, tangu 1992, huendesha hesabu nyingi zenye mianzo iliyotofautishwa kidogo. Zikikubaliana, mtabiri hujiamini. Zikitawanyika, hutaja uwezekano tu.